Tusi la Kazini Humfuata Mtu Hadi Nyumbani

Abiria atokaye Tabora kwenda Kigoma kwa gari la moshi hupita Urambo na Kaliua, kisha hufika Usinge. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya nchi hizi ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Kila kikundi kilikuwa na mnyampara wake. Mpagazi aliyeonewa kupita kiasi alijua dawa yake: usiku aliutua mzigo, akatoroka.

Siku hizi misafara hiyo haipo, ila neno limebaki. Mnyapara ni msimamizi wa kazi, na tukilitamka mara nyingi twamfikiria mtu wa maneno makali. Lakini mfanyakazi wa leo hatoroki upesi. Ana watoto shuleni, ana kodi ya nyumba, ana wazee wanaomtazamia. Basi hukaa, akavumilia. Je, ndani ya moyo wake yanatokea nini?

Tuseme yupo karani wa ghala la tumbaku hapa Usinge. Kila asubuhi mkubwa wake humsimamisha mbele ya vibarua, humwita kichwa maji, humpa kazi ya watu wawili, kisha humcheka akishindwa. Hapana kofi, hapana damu. Mwezi wa kwanza karani hukasirika. Mwezi wa pili huanza kuogopa. Jumapili jioni, akiikumbuka Jumatatu, moyo humwenda mbio. Usingizi haumjii, tumbo humsokota. Kazini huhesabu marobota mara tatu na bado hukosea, kwa maana mwenye hofu hana akili iliyotulia. Mwisho hujiambia, “Labda ni kweli, mimi ni mjinga.” Hapo tusi limekwisha kufanya kazi yake.

Kisha hurudi nyumbani. Mkewe akimwuliza, “Baba, mbona huli?” humkaripia. Mtoto akiangusha kikombe, hupigwa. Mtoto huyo hajapata kumwona mkubwa wa ghala, lakini kofi lake amelipata.

Wala tusiseme kwamba ni udhaifu wa mtu mmoja. Heinz Leymann, mtaalamu aliyefanya kazi Uswidi, alichunguza mambo haya tangu miaka ya 1980. Aliona kwamba uonevu unaorudiwa kila juma kwa miezi mingi huweza kumletea mtu mzima wa afya hofu, kukosa usingizi na huzuni nzito. Nasi wasomaji wa Biblia twajua zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 6, Musa aliwaletea Waisraeli habari ya kuokolewa, nao hawakumsikiliza, kwa kuwa kazi ngumu ilikuwa imewavunja moyo. Aliyevunjwa moyo hata habari njema haimwingii.

Nchi yetu nayo ililiona jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na mara nyingi kilichowachoma si mshahara bali dharau ya mameneja.

Basi, ndugu unayeonewa, usinyamaze peke yako. Mweleze mkeo au mumeo, ili nyumba ijue adui yuko wapi. Andika siku, maneno na mashahidi. Mwendee kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au padre wako. Ukikosa usingizi majuma mengi, mwone mganga hospitalini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yatambua kwamba mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mtu akaacha, yaweza kuhesabiwa kuwa amemwachisha. Shauri hilo hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Nawe uliye mkubwa wa kazi, kukosoa ni haki yako, hata ni wajibu wako. Lakini kesho, karani akikosea hesabu, mwite faragha, umwonyeshe kosa, kisha mwache aende na heshima yake. Jioni watoto wake wanamngoja.