CD zako za muziki zinazeeka: jinsi ya kuzihifadhi na kuzisikiliza nyumbani bila bando

Je, bado una CD ulizokuja nazo ulipovuka mpaka? Labda ni nyimbo za kwaya ya parokia yenu, video ya harusi ya dada yako, au mwanamuziki wa mtaani ambaye hakuwahi kusikika nje ya mji wake. Nyimbo za Franco Luambo unaweza kuzipata kwenye simu wakati wowote ukiwa na intaneti. Za kwaya yenu huenda hazipo popote, isipokuwa kwenye hiyo CD iliyo ndani ya begi lako. Ikiharibika, hutaipata tena.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuhamisha muziki kutoka kwenye CD hadi kwenye kompyuta, flashi au simu, na jinsi familia nzima inavyoweza kuusikiliza bila kununua bando. Maelezo haya yanawafaa wakimbizi na wenyeji pia.

Kwa nini usisubiri?

CD nyingi za kwaya na za sokoni hazikutoka kiwandani. Zilichomwa moja moja kwenye kompyuta. CD ya kuchoma huhifadhi sauti kwenye tabaka jembamba la rangi maalumu, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Ndani ya nyumba ya mabati au ya turubai, joto la mchana huwa kali, na vumbi hukwaruza CD kila inapoguswa.

Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kusahau upande wenye maandishi. Kwenye CD, tabaka linalorudisha mwanga liko chini kidogo tu ya maandishi hayo. Likibanduka, sauti imepotea.

Dalili za CD inayokufa ni hizi: nyimbo zinaruka, CD inachukua muda mrefu kuanza, au ukiielekeza kwenye mwanga unaona vitundu vidogo. Ukiona mojawapo, ishughulikie CD hiyo kwanza. Nyingine ziweke kwenye vifuko vyake, mbali na jua, na usizibandike karatasi.

Kwanza, tambua aina ya CD

Iweke kwenye kompyuta ya Windows na uangalie yaliyomo:

- Ukiona mafaili yanayoishia na .cda, hiyo ni CD ya sauti. Usiyanakili mafaili hayo kwenye flashi. Hayana muziki ndani. Yanaonyesha tu kila wimbo unaanzia wapi. Watu wengi hunakili hivyo, hutupa CD, kisha hugundua kwamba flashi ni tupu. Fuata hatua zilizoelezwa hapa chini.
- Ukiona mafaili ya .mp3, yanakili moja kwa moja kama unavyonakili picha.
- Ukiona folda inayoitwa MPEGAV, hiyo ni VCD ya video. Nakili mafaili ya .DAT yaliyomo. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, huyacheza.
- Ukiona folda inayoitwa VIDEO_TS, hiyo ni DVD. Nakili folda yote.

Jinsi ya kuhamisha CD ya sauti

Unahitaji kompyuta yenye sehemu ya kuwekea CD, au draivu ya CD inayochomekwa kwa waya wa USB, kwa sababu kompyuta nyingi za siku hizi hazina sehemu hiyo. Unahitaji pia programu ya kunakili. Programu mbili za bure ni fre:ac na Exact Audio Copy. Hii ya pili hufanya kazi kwenye Windows, na inafaa kwa CD zenye mikwaruzo kwa sababu hurudia kusoma sehemu iliyoharibika.

1. Safisha CD. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, na usitumie sabuni ya unga wala mafuta ya taa.

2. Chagua aina ya faili. CD ya sauti ya saa moja ina takriban MB 600. Faili za FLAC huhifadhi sauti yote bila kupunguza kitu, na mara nyingi huchukua karibu nusu ya nafasi hiyo. Faili za MP3 za kiwango cha 192 kbps hupunguza sauti kidogo, lakini saa moja huchukua takriban MB 86 tu. Flashi ya GB 32 inaweza kubeba zaidi ya saa 300 za MP3 kama hizo. Ukiweza, tengeneza zote mbili: FLAC kwa ajili ya kuhifadhi, na MP3 kwa ajili ya simu na sabufa, kwa kuwa sabufa nyingi hazisomi FLAC.

3. Andika majina. CD maarufu hutambuliwa na programu kupitia intaneti. CD ya kwaya yenu itatokea kama "Track 01", "Track 02". Andika mwenyewe jina la wimbo, waimbaji, mahali, lugha, na mwaka kama unaujua. Kaa na wazee au wanakwaya wa zamani mkisikiliza, waulize nani anaimba. Baada ya miaka kumi huenda asiwepo wa kuuliza.

4. Sikiliza nyimbo zote ulizonakili kabla ya kuirudisha CD mahali pake. Usiitupe CD hata baada ya kunakili.

5. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu au jirani unayemwamini katika nyumba nyingine. Moto, mafuriko au wizi ukitokea, moja itabaki. Akaunti ya Google pia hutoa GB 15 za kuhifadhi bila malipo, lakini kupakia hutumia bando, kwa hiyo pakia ukiwa kwenye waifai ya bure. Nakala hiyo itakufaa sana kama utahamishiwa nchi nyingine.

Ukipeleka kwenye duka la kompyuta

Kama huna kompyuta, uliza kwanza kama kuna kituo cha vijana au cha mafunzo karibu nawe kinachoruhusu watu kutumia kompyuta. Ukienda dukani, kubalianeni bei ya kila CD kabla kazi haijaanza. Baki pale hadi kazi iishe, usiiache CD yako ya pekee. Beba flashi yako, na uombe ikaguliwe virusi. Kama ni video ya familia, hakikisha nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya duka imefutwa mbele yako.

Kusikiliza nyumbani bila bando

Njia rahisi ni kuchomeka flashi kwenye sabufa au redio yenye USB. Flashi isiposomeka, huenda mpangilio wake ndio tatizo. Sabufa nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32. Kumbuka kuwa kufomati hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha nyimbo kwanza.

Njia ya pili ni kuifanya kompyuta iwe kama kituo cha redio cha nyumbani, ambapo kila mtu huchagua wimbo wake kwenye simu yake. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: waifai na intaneti ni vitu viwili tofauti. Waifai huunganisha tu vifaa vilivyo karibu. Muziki ukitoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye simu ya mtoto wako, hautumii hata MB moja ya bando.

- Pakua na usakinishe programu ya bure ya Jellyfin kwenye kompyuta. Hapa utahitaji intaneti, mara moja tu. Ielekeze kwenye folda ya nyimbo zako.
- Kwenye simu moja, zima data, kisha washa hotspoti na uweke nywila. Usipozima data, kompyuta inaweza kumaliza bando lako kwa kujisasisha yenyewe.
- Unganisha kompyuta na simu nyingine kwenye hotspoti hiyo.
- Tafuta anwani ya kompyuta kwenye mipangilio ya mtandao. Inafanana na 192.168.43.5.
- Kwenye simu nyingine, fungua kivinjari, andika anwani hiyo ikifuatiwa na :8096, kisha uingie na uchague wimbo.

Kompyuta lazima iwe imewaka muda wote wa kusikiliza. Kama mnatumia umeme wa jua, kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi hutumia umeme kidogo zaidi kuliko laptopu na inaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Kabla hujasambaza

Kusikiliza nyumbani ni jambo moja, kuuza nakala ni jambo lingine. Sheria za hakimiliki za Kenya, Uganda na Tanzania zinawalinda wanamuziki, akiwemo mwimbaji mkimbizi. Kabla ya kuweka nyimbo za kwaya mtandaoni, omba ruhusa kwa viongozi wake.

Kuwa mwangalifu zaidi na video. Video ya harusi au ya ibada inaweza kuonyesha sura, majina na nyumba za watu waliobaki nyumbani, au waliokimbia na hawataki kujulikana walipo. Ikishawekwa mtandaoni, huwezi kuirudisha. Itazameni kwa familia, na kama kuna mtu anayeweza kupata madhara, isitoke nje ya nyumba.

Anza wiki hii na CD moja tu: ile ambayo hata ukiwa na pesa huwezi kuinunua tena.