Wastaafu warudi darasani Koboko, miaka ya ukimbizini haihesabiwi

KABLA ya saa moja asubuhi, barabara ya lami iendayo Oraba huwa imejaa bodaboda zinazowahisha wafanyabiashara mpakani. Mjini Koboko, kando ya barabara hiyo, hupita mzee mmoja mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Haendi sokoni. Anakwenda shule ya binafsi kufundisha hesabu darasa la sita, ingawa alistaafu utumishi wa serikali mwaka 2018, alipotimiza miaka 60.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kusoma chini ya mwembe upande wa Aru, nchi ile ikiitwa bado Zaire. Watu wengi wa West Nile walivuka mpaka baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979 na vita kuikumba sehemu yetu mwaka 1980. Wazazi wetu walimlipa kwa muhogo na maharage, na wasipokuwa nacho walimpa asante. Alifanya kazi hiyo miaka saba. Serikali ilimwajiri rasmi mwaka 1990, baada ya kurudi nyumbani.

Hapo ndipo penye kisa. Pensheni ya mtumishi wa umma Uganda hukokotolewa kwa idadi ya miezi aliyotumikia. Miezi hiyo hugawanywa kwa 500, kisha jibu likazidishwa kwa mshahara wa mwaka. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefanya kazi miaka 28, yaani miezi 336, akastaafu kwa mshahara wa Sh500,000 kwa mwezi. Pensheni yake ni Sh4,032,000 kwa mwaka. Theluthi moja huondolewa, ikazidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo kama kiinua mgongo, Sh20,160,000. Kwa miaka 15 inayofuata hupokea zile theluthi mbili zilizobaki, Sh224,000 kwa mwezi.

Sasa ongeza ile miaka saba ya chini ya mwembe. Pensheni ya mwezi ingekuwa Sh280,000, na kiinua mgongo Sh25,200,000. Ukimbizi, kwa hesabu hiyo, unamtoza Sh56,000 kila mwezi, na alishakatwa zaidi ya milioni tano siku ya kuondoka kazini. Msomaji anayefanya biashara Ariwara au Kaya anajua fedha hizo zinanunua nini.

Na bei hazikungoja. Sukari, sabuni, saruji na mafuta ya petroli huku kwetu hutoka mbali, nyingi zikipitia Kampala na daraja la Karuma kabla ya kuingia Arua. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 10.7. Mwaka 2024 daraja hilo lilipofungwa kwa matengenezo, magari yalilazimika kuzunguka, na gharama ya mzunguko huo hailipwi na mwenye lori. Hulipwa na anayenunua kilo moja ya sukari dukani.

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 254, inasema pensheni ipitiwe mara kwa mara kulingana na mabadiliko ya thamani ya fedha. Maneno ni mazuri. Lakini nyongeza kubwa ya mwaka 2022 iliwaendea walimu wa sayansi wa sekondari, mwenye shahada akafikia Sh4,000,000 kwa mwezi. Mwalimu wa msingi alibaki alipokuwa, na mstaafu wake pamoja naye.

Wengine husema mzee angefunga mkanda tu. Nyumbani kwake wamo wajukuu wanne, na kiinua mgongo kilikwisha kwenye mabati ya nyumba na karo ya binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi Arua. Shuleni anapata Sh150,000 na chakula cha mchana. Si yeye peke yake. Mjini Arua namfahamu muuguzi mstaafu anayeuza katika duka la dawa, na polisi wa zamani anayelinda ghala usiku, akiwa na miaka 66 na goti bovu.

Wenye shule wamegundua bidhaa rahisi. Mstaafu ana uzoefu, hadai mengi, na hana pa kwenda. Vijana waliomaliza vyuo vya ualimu wananung'unika kwamba wazee wamewakalia viti, na sioni namna ya kuwaambia wamekosea. Mzee mwenyewe anakubali. Anasema angempisha kijana kesho asubuhi, kama kijana huyo angewalisha wajukuu.

Ruzuku ya serikali kwa wazee, Sh25,000 kwa mwezi, ni ya waliotimiza miaka 80. Wafanyabiashara wa mpakani, ambao hawana mwajiri wala pensheni, wana mlango mmoja. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, hata aliyejiajiri anaweza kujiwekea akiba huko kwa hiari. Kwa mwenye miaka 40 hilo lina maana. Mwalimu wangu lilimkuta amechelewa.

Aliwahi kujaribu kuidai ile miaka saba. Alikwenda ofisi moja na madaftari ya mahudhurio ya kule ukimbizini, aliyoyatunza kwenye mfuko wa nailoni. Afisa aliyafungua, akayasifu kwa mwandiko, akamrudishia. Si kumbukumbu za utumishi, alimwambia.

Nilipomtembelea Jumapili iliyopita aliyatoa tena. Wino umefifia lakini majina yanasomeka. Katika ukurasa mmoja wa mwaka 1985 jina langu lina alama ya kutohudhuria siku nne mfululizo. Mzee aliweka kidole hapo, akainua miwani, akaniuliza nilikuwa wapi.