Macho ya Zebaki

Khalifa Abdulmalik bin Marwan, asimulia mpokezi wa Alfu Lela Ulela, alipopata habari za chupa ambamo Nabii Suleiman aliwafunga majini wakaidi, aliingiwa na shauku ya kuziona, akamwamuru Musa bin Nusair, liwali wa Maghribi, azitafute. Na msafara ulipopotea jangwani ukamkuta kilimani mpanda farasi wa shaba, ambaye maandishi ya mkukini mwake yaliagiza kisuguliwe kiganja chake. Kiliposuguliwa, akazunguka, akasimama ameelekea Mji wa Shaba, uliokuwa njiani mwao.

Kwa msikilizaji wa Baghdad hayo hayakuwa mageni kabisa: juu ya kuba la kijani la kasri ya Khalifa Al-Mansur alisimama mpanda farasi mwenye mkuki, hata kuba likaporomoka mwaka 941, na watu walinena kuwa huuelekeza mkuki huo upande atokako adui. Karne ya 9, katika mji huo huo, wana wa Musa bin Shakir walitunga kitabu cha mitambo ya ajabu iendeshwayo kwa maji na hewa. Ndiyo maana, nadhani, sihiri ya hadithi hii ina misumari.

Ukuta wa Mji wa Shaba haukuonyesha mlango. Kila aliyepanda ngazi akatazama ndani alipiga makofi, akausifu uzuri aliouona, akajitupa, akafa. Mpaka akapanda Sheikh Abdulsamad, kiongozi wa njia wa msafara, akimdhukuru Mola. Naye aliwaona wanawali wakimpungia mkono, na chini yao mithili ya bahari, akakaribia kujirusha, ila maiti za wenziwe zilimzindua. Akasoma aya, kiinimacho kikatoweka. Akatembea juu ya ukuta hata langoni, napo palikuwa na mpanda farasi mwingine: akausugua msumari ulio kiwiliwilini mwake mara 12, lango likafunguka.

Ndani ya kasri malkia alikuwa kitandani, akimtazama kila aingiaye, hata liwali Musa akamtolea salamu. Talib bin Sahl, mmoja wa wanamsafara, ndiye aliyemfahamisha kuwa huyo ni maiti, macho yake yaling'olewa, yakatiwa zebaki chini, kisha yakarejeshwa, ndipo yakametameta. Bwana huyo aliijua hila yote, na ubao uliokuwapo uliruhusu mali ichukuliwe ila vilivyo mwilini mwa malkia. Hata hivyo alipanda kuvivua vito vyake. Sanamu mbili za watumwa zilizomlinda malkia zikatikisika: moja ikampiga Talib rungu la mgongo, ya pili ikamkata kichwa.

Musa akailaani tamaa ya Talib, kisha akaamuru ngamia wapakiwe hazina zilizosalia, na lango lifungwe kama lilivyokuwa.