Binti Kazini: Amani Yake Imo Mikononi mwa Nani?

Kaunti ya Taita Taveta ni pana, lakini ardhi inayobakia kwa wenyeji ni ndogo. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu yake. Mvua ya nyikani ni haba, na tembo huingia mashambani wakati wa mavuno. Ajira ya mshahara hutafutwa katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, katika hoteli za watalii, na katika maduka na ofisi za Voi. Binti akipata kazi yenye mkataba, nyumba nzima humshukuru Mola: karo italipwa, na dukani deni litapungua. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ikimdhulumu, huona vigumu kuiacha, na huona vigumu zaidi kusema.

Mfano wa jambo hili tunao karibu. Pembezoni mwa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, jirani na mji mdogo wa Maungu, ndipo yalipo makao ya kampuni ya Wildlife Works, huko Rukinga. Iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Mike Korchinsky, na kazi yake ni kuhifadhi msitu wa nyika wa Kasigau. Mwaka 2011 mradi huo ulitangulia miradi mingine ya aina yake duniani kupata hati za kaboni, ambazo makampuni ya ng'ambo huzinunua ili kufidia moshi wanaoutoa. Kampuni imeajiri watu wapatao mia tatu, wengi wao wenyeji. Wamo wanawake wanaoshona nguo kiwandani, na wamo wanaolinda wanyamapori pamoja na wanaume. Aliyetazama kwa nje aliona jambo la kupongezwa: kampuni ya wastani, mashambani, yenye nafasi kwa akina mama.

Mwezi Novemba 2023, shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, walitoa ripoti iliyowashtua wengi. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani walieleza kwamba baadhi ya wanaume wenye vyeo katika mradi huo waliwanyanyasa wanawake kijinsia kwa zaidi ya miaka kumi: kuwashika bila ridhaa, na kuwataka miili yao ndipo wapandishwe cheo au watendewe wema kazini. Ripoti ilisema kwamba hata wake wa wafanyakazi hawakusalimika. Kampuni ilijibu kwamba iliajiri mawakili kuchunguza, na ikawachukulia hatua watu wachache waliopatikana na mwenendo mbaya; lakini ilikana kwamba uovu huo ulikuwa umeenea. Mwaka huo huo, mwezi Februari, idhaa ya BBC ilikuwa imetangaza habari zinazofanana nazo kutoka mashamba ya chai ya Kericho.

Idadi peke yake haitoshi

Makampuni hupenda kutaja idadi ya wanawake waliowaajiri, nasi husikia tukafurahi. Lakini swali lenye uzito ni jingine: ni nani anayeshika kalamu? Ni nani anayepanga zamu, anayeamua mkataba wa nani utaendelezwa, anayeandika jina la atakayepanda cheo? Wanawake wakiwa wengi chini, na juu yao wakawapo wanaume wachache wasiohojiwa na mtu kwa miaka mingi, basi riziki ya kila mmoja wao imo kiganjani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akiwa mcha Mungu, watastarehe. Akiwa dhalimu, watamlalamikia nani, ikiwa anayepokea malalamiko ni rafiki yake wa kahawa?

Hapa inafaa tukumbuke kisa cha Madyan katika Suratul Qasas. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliwakuta wanawake wawili wamejitenga na kisima, wakiwazuia wanyama wao, kwa kuwa wachungaji wanaume walikuwa wamekizonga na baba yao alikuwa mzee. Walikuwa kazini, na hakuna aliyewalaumu kwa hilo. Musa aliwanyweshea mifugo yao, kisha akaenda zake kivulini bila ya kuwadai kitu. Baadaye mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Leo waajiri hupima nguvu, yaani vyeti na ujuzi. Uaminifu wa yule atakayewekwa juu ya wengine haupimwi hata kidogo, na ndio unaoamua kama wanawake watakaribia kisima kwa amani.

Wako watakaosema kwamba dawa ni binti kubaki nyumbani. Lakini mjane wa Maungu mwenye watoto wanne atabaki na nini? Tena katazo la faragha baina ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake linamfunga mwanamume vilevile. Mkubwa wa kazi anayemwita mfanyakazi wa kike peke yake na kufunga mlango ndiye wa kukatazwa kwanza.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, baada ya kushauriana nao. Sera hiyo ieleze maana ya unyanyasaji, namna ya kupeleka malalamiko, na adhabu ya mkosaji. Na jina la mlalamishi lisitangazwe ovyo. Sheria hiyo pia hairuhusu mtu afutwe kazi kwa sababu ya kumlalamikia mwajiri wake. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamwadhibu mwenye mamlaka anayewasumbua walio chini yake kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au yote mawili.

Baadhi ya dada zetu hupeleka mashtaka ya kazi kwa kadhi. Kadhi huhukumu ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mambo ya ajira huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu. Kwa ushauri, wapo mawakili wanawake wa FIDA wenye ofisi Mombasa, na simu 1195 hupigwa bila malipo.

Ikiwa binti ameingiliwa kwa nguvu, apelekwe hospitali haraka iwezekanavyo kabla ya kupita saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia ukimwi na mimba. Hapa Voi ipo Hospitali ya Rufaa ya Moi. Huenda akatamani kukoga papo hapo. Asubiri kwanza daktari amwone, na nguo zisifuliwe, ushahidi usipotee. Kisha polisi, na fomu ya P3.

Wajibu wa nyumbani

Kabla binti hajatia saini, mzazi aulize mambo matatu: sera ya maandishi ipo? Anayepokea malalamiko ni nani, na je, yumo mwanamke miongoni mwao? Mkataba huendelezwa kwa uamuzi wa mtu mmoja au wa kamati? Mwajiri mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Na akianza kazi, asikilizwe. Binti aliyekuwa mchangamfu akawa haongei, anayeomba kubadilishwa zamu bila sababu, anayelia siku ya Jumapili jioni, ana jambo. Asiulizwe kwanza alivaa nini wala alimchekea nani. Mume naye asikimbilie kushuku wala kutamka talaka. Mkewe amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa husaidiwa. Mara nyingi waovu hutegemea aibu yetu: wanajua kwamba mwanamke ataogopa nyumbani kwake kuliko anavyoogopa ofisini.

Mola awahifadhi mabinti zetu katika kutafuta riziki ya halali, na awape wenye mamlaka juu yao khofu ya kusimama mbele Yake. Amin.