Jina Lililoachwa Wazi: Vipindi vya Watumiaji katika Kanzidata za Afya

Asubuhi, katika chumba cha wagonjwa wa nje, muuguzi huingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa jina na nywila yake, kisha huitwa ghafla wodi ya wazazi. Tabibu huketi kwenye kiti kilekile, huukuta mfumo uko wazi, na huandika dawa ya mgonjwa anayefuata. Dawa hiyo hubaki katika kumbukumbu kama agizo la muuguzi. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini siku chanzo cha kosa kitakapotafutwa, kanzidata itamtaja mtu ambaye hakuwamo chumbani.

Hali hii yaweza kutokea popote ambapo wahudumu ni wengi kuliko kompyuta. Wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, zina sababu ya ziada ya kuizingatia, kwa kuwa pamoja na wenyeji zimepokea wakimbizi katika kambi za Nduta na Nyarugusu. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi.

Kipindi ni nini?

Kompyuta haimtambui mtu kwa sura. Kila ombi linalopelekwa kwa seva kupitia kivinjari, liwe la kufungua jalada au la kuhifadhi majibu ya maabara, hufika peke yake, bila kumbukumbu ya lililotangulia. Ili mhudumu asiandike nywila kila anapobonyeza kitufe, waandaaji wa programu hutengeneza kipindi cha matumizi: muda unaoanza anapotambuliwa na kuisha anapotoka, ambamo kila tendo huhesabiwa kuwa lake.

Namna kinavyofunguliwa

Mhudumu anapoandika nywila, programu huilinganisha na kumbukumbu iliyopo. Mfumo ulioandikwa vizuri hauhifadhi nywila yenyewe, bali alama inayokokotolewa kutokana nayo, ambayo haiwezi kugeuzwa ikawa nywila tena. Zikilingana, programu hutunga namba ndefu ya kubahatisha, huiandika katika seva pamoja na jina la mhudumu na mamlaka aliyopewa, kisha huituma kwenye kivinjari chake. Tangu hapo kila ombi huja na namba hiyo. Anayeipata namba huonekana kuwa ndiye mhudumu. Kwa hiyo lazima isafiri kwa njia iliyosimbwa, na itungwe upya kila mtu anapoingia.

Namna kinavyosimamiwa

Kosa moja la uandishi wa programu lina hatari kubwa kwa wagonjwa. Baadhi ya programu huweka ndani ya kipindi kumbukumbu ya "mgonjwa anayehudumiwa sasa". Mhudumu akifungua jalada la pili katika dirisha jingine, kumbukumbu hiyo hubadilika kimyakimya, na maelezo anayoyaandika katika dirisha la kwanza huhifadhiwa kwa mgonjwa wa pili. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na majina ya wenyeji na ya wakimbizi hufanana. Kosa la namna hiyo laweza kupita bila kuonekana. Dawa yake ni rahisi: namba ya mgonjwa iambatane na kila fomu, na kipindi kibebe utambulisho wa mhudumu tu. Aidha, seva ihakikishe kwa kila ombi kwamba mhudumu huyo ana ruhusa ya kuliona jalada hilo.

Nyuma ya pazia kuna vipindi vya aina nyingine, navyo ni vya programu kuzungumza na kanzidata. Idadi yake ina kikomo: PostgreSQL, kanzidata inayotumiwa na mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, huanza na kikomo cha miunganisho 100. Programu inayofungua muunganisho bila kuurudisha huijaza nafasi hiyo, na mfumo hukwama wakati foleni ya wagonjwa ni ndefu. Ndani ya muunganisho huo, maandishi yanayokwenda pamoja hufungwa kama furushi moja. Umeme ukikatika kabla furushi halijakamilika, kanzidata hulifuta lote, ili dawa isionekane imepunguzwa stoo huku haijaandikwa kwa mgonjwa.

Namna kinavyofungwa

Kipindi hufungwa kwa njia mbili: mhudumu kubonyeza kitufe cha kutoka, au muda wa ukimya kwisha. Katika vyote viwili, namba ifutwe ndani ya seva. Kuifuta kwenye skrini pekee hakutoshi. DHIS2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, huwekwa sekunde 3,600 za ukimya pasipo kubadilishwa, yaani saa nzima. Muda huo ni mrefu mno kwa chumba chenye watu wanaoingia na kutoka. Msimamizi wa mfumo anaweza kuufupisha, ila asiufupishe kupita kiasi: mhudumu anayefungiwa nje kila mara ataanza kuibandika nywila ukutani.

Wajibu na haki

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za mgonjwa, lakini ulinzi wake hutegemea tendo dogo la mhudumu anayeinuka kitini. Kila mhudumu awe na jina lake la kuingilia, asilikopeshe, na atoke kabla ya kuondoka hata kama anarudi baada ya dakika mbili. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza iwapo jalada lililo wazi ni lake, na kuomba namba yake ihakikishwe kabla dawa haijaandikwa. Swali hilo si utovu wa adabu, kwani huenda likawa ndilo linalomkinga na dawa ya mtu mwingine.