Kompyuta Nzito Nyumbani: Kabla Hujanunua RAM (Sehemu ya Nne)

Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya RAM na diski kwa wanunuzi wa kawaida, ili ihudumie vituo vikubwa vya data vya akili unde. Bei za RAM zilikuwa zimeshaanza kupanda. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, Microsoft ilifikia ukomo wa kuihudumia Windows 10. Habari hizo zinamgusa mwalimu wa Kibaoni, mwenye stationari mjini Ifakara na mkulima wa mpunga anayetunza hesabu zake kwenye kompyuta iliyokuwa nzito. Kila mmoja anaambiwa: "Ongeza RAM."

Tofauti ya RAM na diski tulishaieleza. Leo nasisitiza jambo moja: pima ndipo ununue. Taifa letu lililipia somo hilo kwa gharama kubwa.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa kweli ilikuwa RCA 301 ya Marekani, iliyouzwa na Waingereza kwa jina lao. Kumbukumbu yake ilikuwa pete za sumaku, ndogo kuliko punje ya mchele, zilizopitishiwa nyaya nyembamba. Kila pete ilibeba biti moja. Kazi ya kutunga pete za namna hiyo viwandani ilifanywa kwa mikono, hasa ya wanawake. Mashine za aina hiyo zilishika herufi 10,000 hadi 40,000. Hata ile kubwa isingebeba makala ishirini kama haya. Lakini umeme ulipokatika, pete hazikusahau. RAM ya leo, iliyobuniwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, hutunza kila biti kwa chaji inayovuja, hivyo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde.

Baadaye Wizara ilihamia ICT 1900. Maandalizi yalikuwa haba, wataalamu hawakutosha, hesabu za serikali zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na vizuizi vikalegezwa miaka ya 1980. Mashine ilibebeshwa lawama ya watu walionunua nguvu kabla ya kuijua kazi.

Ifakara ina mfano wa kinyume chake. Mwaka 1996 watafiti wa hapa walianza kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. RAM ya kompyuta za miaka ile ilihesabiwa kwa megabaiti, lakini watafiti walijua wanachokihesabu, na kazi ikadumu.

Basi na wewe fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie sehemu ya Performance. RAM ikiwa imejaa karibu yote, ongeza. Ikiwa ina nafasi huku diski ya kuzunguka imekwama kwenye asilimia 100, fedha yako ni ya SSD. Hapohapo utaona kasi ya RAM na sloti zilizotumika. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na laptopu nyingi za DDR3 hutaka DDR3L ya volti 1.35. Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4, hivyo usiiongezee zaidi ya hapo. Kwa kuandika na intaneti, GB 8 zinatosha. Vipande viwili vinavyofanana vya GB 4 kwa kawaida huzidi kimoja cha GB 8 kwa kasi. Na RAM pekee haikupeleki Windows 11: inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa inayokubalika.

Andika kwenye karatasi aina, kasi na sloti zilizo wazi, uende nayo dukani. Muuzaji asiyetaka kuisoma, mpite. Sehemu ijayo: SSD.