Kunguru Hawamalizwi kwa Msimu Mmoja

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Ndege huyu, aliyeletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, amekuwa adui wa mfugaji. Hunyakua vifaranga uani na kula mayai na makinda ya ndege wa asili.

Hata hivyo, mwoga naye hunaswa. Hujengwa tundu kubwa la wavu wa chuma, lenye mwanya juu ambao kunguru hushukia akiwa amekunja mbawa, lakini akizikunjua kuruka hawezi kutoka. Ndani huwekwa chambo cha nyama, maji, kivuli, na kunguru wachache walio hai. Wenzao wakiwaona wakila, hofu huwatoka. Walionaswa wasiuawe mbele ya wengine, kwani kunguru hukumbuka palipo na hatari.

Katika miaka ya 1990 hadi 1995 ilifanywa kampeni ya kuwapunguza Zanzibar, nao wakapungua sana mjini. Kampeni ilipokoma, wakaongezeka tena. Funzo ni dhahiri: mtego wa msimu mmoja ni kazi bure, na chambo cha tunduni hakiwezi kushindana na jaa lililo wazi.

Basi sisi wananchi tufunike taka zetu, na Serikali itenge fungu la kazi hii kila mwaka, hata wanapoonekana wachache. Hao wachache ndio mbegu.